Udongo Ulioutoa Usenge

Mama,

Mmea wako umefika dirishani. Ulianzia pale juu ya kabati, ukatambaa ukutani polepole, na sasa asubuhi upepo wa ziwa ukiingia majani yanatikisika, nami hudhani ni wewe umepita sebuleni, leso mabegani. Najua hujapita. Hata hivyo natulia kidogo, nikungoje.

Tangu tukuzike, katika nyumba hii ya Kisumu tumebaki mimi na huo mmea. Mizizi ilianza kuchungulia chini ya lile kopo la mafuta ya kupikia ulilolitoboa kwa msumari. Mama mdogo alipokuja alinicheka: "Aii, Adhiambo, hii kitu imeshiba kopo! Unangoja nini? Itafutie ndoo." Nikamjibu kwamba umestawi, ya nini kuusumbua? Hata wewe ulikuwa ukiusema kama mtu, "Wacha akae, hapa anapenda."

Ukweli ni kwamba sikuuhofia mmea. Niliuhofia udongo. Uliubeba mwenyewe kutoka Usenge, kule ufukweni, ukauchanganya na vumbi la omena, wale dagaa wa ziwani, ulilolifagia kwenye nyavu za kuanikia, na wiki nzima wageni wakawa wanauliza tunapika nini. Uliushindilia kwa vidole vyako. Nilijiambia vidole hivyo bado vimo mle, na nikiumwaga nitakuwa nimekuzika mara ya pili. Ndiyo maana nikawa naahirisha tu.

Lakini maji yakawa yanapita moja kwa moja hadi sakafuni. Jumamosi nikatandika gunia, nikalilaza kopo, nikaligonga ubavuni, nikavuta.

Mama, udongo haukuwemo. Ilikuwa mizizi mitupu, imejizungusha hadi ikachukua umbo la kopo. Kile nilichokuwa nakilinda kilikuwa kimeliwa zamani, kikapanda juu, kikawa majani. Nililia nikiwa nimeipakata ile mizizi mapajani, kisha nikajikuta nacheka, peke yangu, kama mwehu.

Nimeuhamishia kwenye ndoo, kwa udongo wa hapa hapa nyuma ya nyumba. Siku mbili za kwanza ulininunia. Leo umetoa jani jipya, bado limejikunja.

Pumzika, Mama, mimi nipo. Kitanda chako sijakigusa tangu uondoke, kwa sababu ya harufu yako. Nakuahidi kesho, jua likitoka, nitayafua yale mashuka.

Mwanao,
Adhiambo