Mtaro Nilioupinga kwa Utani

Alhamisi. Mvua imekatika alfajiri, Kilosa yote inanuka matope, na mimi leo sina maneno. Wanaonijua watashangaa.

Mimi ni mtu niliyetembea, bwana. Nimeendesha lori mpaka Ndola na Lubumbashi, na pale Mikumi nimepita sana, naamini tembo wa hifadhini wananijua kwa honi. Darasa la saba sikumaliza, lakini nikianza kuongea nani anakumbuka kuniuliza cheti?

Hiyo ndiyo shida yenyewe.

Wiki tatu zilizopita mwenyekiti wa kitongoji alituita mkutanoni kuhusu kujenga mtaro wa maji ya mvua. Akaeleza kwamba maji ya bomba yanajilipia: ukichota ndoo kioski unatoa hela, na hela hiyo ndiyo inatengeneza pampu ikiharibika. Maji ya mvua hakuna anayeyanunua, kwa hiyo mtaro wake hauna mfuko. Unangojea ushuru wa halmashauri, wa sokoni na wa mazao, na ushuru huohuo unagombewa na zahanati, madarasa na barabara. Safari hii tumetengewa saruji na fundi. Sisi tutoe mawe, mchanga na nguvu zetu.

Nikasimama.

"Mwenyekiti, mvua ya Mungu nayo ina bili? Mita yake mmeifunga wapi, mawinguni?"

Watu walishika mbavu. "Waambie, Dereva!" Ilipofika kupiga kura hakuna mkono ulionyooshwa. Muhtasari ukaandikwa kuwa wananchi hawako tayari. Nilirudi nyumbani natembea kama mbunge.

Jana mvua ikanyesha kutwa, maji yakaingia kwa Bi Zaina.

Ni jirani yangu, mjane, nyumba yake iko chini ya yangu, kule maji yanakoelekea. Asubuhi nimemkuta ameanika mbegu ya mahindi juu ya mkeka, ile aliyoletewa na dada yake kutoka Vidunda. Punje zimevimba, nyingine zimeanza kutoa harufu. Ndiyo shamba lake lote la mwaka huu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Pita huku, usinikanyagie mbegu." Akaendelea kuchambua, kisha akasema, "Utani wako wa siku ile ulikuwa mtamu. Hata mimi nilicheka."

Hakunisema kwa kejeli. Ningefurahi angenitukana.

Nimezoa matope chumbani kwake mpaka mgongo ukagoma, halafu nikaenda kwa mwenyekiti kuuliza kama saruji bado ipo.

"Ipo mpaka Jumamosi," akasema. "Baada ya hapo inakwenda kitongoji kingine. Lakini muhtasari haubadilishwi na mtu mmoja, hata awe wewe. Lete watu Jumamosi hiyo, tukae upya."

Basi jioni hii nimepita nyumba kwa nyumba. Kila mlango nikifika wanatabasamu kabla sijafungua mdomo. Mawe niliyonunua ya kujengea kibaraza, kile nilichojigamba kwamba mtaa mzima utakuja kukitazama, nimeyamwaga pembeni ya njia ya maji. Kibaraza kitasubiri. Nusu ya mbegu yangu nimempelekea Bi Zaina.

Jumamosi nitasimama palepale niliposimama siku ile. Nikikohoa tu, watajiweka sawa wacheke.

Sijui nitawazuiaje.