Nyonga ya Chuma, Kichwa Kigumu

Jumatatu, 4 Machi 2024
Ziwa la kushoto limevimba, gumu kama jiwe. Homa. Sandrine ananyonya, mimi nauma kitenge. Mama mukwe ameleta kichana: "Chana ziwa, binti, maziwa itashuka!" Nimechana. Kichwa changu hakijaona kichana tangu Jumapili, lakini ziwa limependeza!

Docta Youssouf alinionya aliponiwekea nyonga ya chuma, miaka mbili sasa: jipu, jino, kidonda chochote — kimbia kwangu, mikrobe inapenda chuma. Nitaenda kesho. Nifue nguo za mutoto kwanza.

Jumamosi, 9 Machi
Kesho gani! Leo nyonga njo inawaka. Ile ya kuzaliwa nayo ilivunjwa na risasi, vita ya 2002, nikiwa na miaka sita. Hii ya pili naivunja mwenyewe, bila bunduki.

Nimenunua rouge-noir sokoni, zile jelule za antibiotiki, vidonge vya rangi nyekundu na nyeusi. Asubuhi mbili, jioni mbili. Homa imeshuka. Docta ni mimi!

Jumanne, 19 Machi
Maumivu imerudi. Hospitali. Docta ameingiza sindano kwenye nyonga, ametoa maji ya kutafuta mikrobe. Ikishikwa mbele ya wiki tatu kuisha tangu nyonga ianze kuwaka, wanaosha chuma na kukiacha. Ikichelewa, wanakitoa. Na mutoto nitambeba na mguu gani?

Akauliza kama nimekunywa antibiotiki. Mama mukwe alikuwa pembeni — yeye anayenisifu kanisani kuwa nina akili.

"Hapana, docta!" Haraka, kama mwanafunzi aliyeiba chaki. Jelule za asubuhi hazijafika hata tumboni.

Jumatatu, 25 Machi
Labo: hakuna mikrobe. Mama mukwe amepiga vigelegele mpaka wagonjwa wakaamka. Docta amekunja uso. Ningekuwa nimekunywa dawa, anasema, angejua dawa imeificha. Lakini nimesema hapana. Basi, turudi baada ya mwezi.

Nikaitika kwa adabu. Jelule zinaficha mikrobe, mimi naficha jelule. Kazi nzuri!

Alhamisi, 28 Machi
Siwezi tena kuchuchumaa. Tumerudi. Mama mukwe anasimulia muujiza wake kwa kila muntu kwenye veranda.

"Mama Sandrine, tena?" docta ameniuliza.

"Docta, nilikunywa rouge-noir. Siku kumi."

"Rouge-noir gani?" — mama mukwe huyo. Amemutoa mutoto mikononi mwangu. Si kwa hasira, nadhani. Ameona nashika ukuta ili nisimame.

Docta hakugomba. Hiyo njo imenitisha. Ameuliza tu nyonga ilianza kuwaka siku gani. Tarehe tisa, nimesema. Ameenda kwenye kalenda ya ukutani, anahesabu kwa kidole. Naandika hapa kwenye benchi. Amepita siku kumi na tano; ishirini na moja njo mwisho. Kidole bado kinatembea —