Taa za Gari Letu la Faiba

Mpendwa Baba Nekesa,

Taa zimewaka. Naanza na hilo kwa sababu najua ungeliuliza kabla hata ya kuuliza watoto wamekula nini.

Gari lako ulituachia uani hapa Tuwan, Kitale, chini ya turubai, likiwa na kila kitu isipokuwa taa za kuaminika. Nakumbuka tulivyoliunda, Jumamosi baada ya Jumamosi. Chesisi, ile fremu ya chuma ya chini, na injini zilitoka kwenye pikapu kuukuu, na mwili wa faiba tukaufinyanga wenyewe, wewe ukipaka gundi, mimi nikikata vitambaa vyake vya nyuzi za kioo kwa mkasi wangu wa kushonea. Mkasi ukaharibika, nikakununia. "Si wewe ni fundi wa nguo?" ukanibembeleza. "Hii pia ni nguo, ila ya injini." Nikacheka, nawe ukajua umesamehewa.

Chesisi uliipaka rangi tabaka juu ya tabaka mpaka ikameremeta. Halafu tukawasha taa kwa mara ya kwanza. Zilitoa mwanga mwekundu, hafifu kama wa kibatari, na ukiweka indiketa, taa kubwa nazo zinakonyeza. Jirani akachungulia juu ya ua: "Gari yako inatongoza nani, bana?" Ukasema ni balbu, ukabadilisha balbu. Ukasema ni betri, ukaazima betri. Ulikuwa mbishi, mume wangu, na leo natamani hata ule ubishi. Kisha ukaugua, tukaacha mambo ya taa.

Siku ya kunyolewa baada ya mazishi yako, wazee walipoketi kule kwenu Tongaren kugawa vitu vyako, ndugu yako Wafula alisema, "Hii gari bila taa itaenda wapi? Si tuuze injini tu?" Nikaomba waniachie mpaka siku ya ukumbusho wako. Likifika Tongaren giza likiingia, kwa taa zake lenyewe, libaki langu. Wakakubali, nadhani kwa kunihurumia.

Nikaanza. Niliwasha taa, nikaufungua waya mweusi wa moja, ule wa arthi unaorudisha umeme kwenye betri, nikaugusisha moja kwa moja kwenye betri. Ikawaka mpaka nikafumba macho! Nilikaa chini nikacheka peke yangu, halafu nikalia. Miaka yote ulitengeneza magari ya bati, na kwa mazoea hata letu ukalifunga arthi kwenye mwili. Lakini faiba haipitishi moto wa umeme, Baba Nekesa. Na hata waya ulioufunga kwenye chesisi ulikuwa umekalia ile rangi yako nzuri, nayo rangi huzuia umeme.

Kwa hiyo kila taa niliivutia waya wake mnene wa arthi mpaka kwenye chesisi. Nilikwangua rangi mpaka chuma kikaonekana, nikakaza bolti na kupaka grisi, kisha nikavuta waya mwingine kutoka hapo hadi kwenye betri. Nikaweka na rilei ili swichi isibebe mzigo wote, na kila taa fyuzi yake. Kukwangua ile rangi kuliniuma kuliko kazi yote.

Jana, siku ya ukumbusho wako, nililiendesha kutoka hapa Kitale hadi Tongaren. Nilipokata kona ya kwenu, jua lilikuwa limezama na Wafula alikuwa langoni, mkono usoni. "Shemeji, shusha taa, unatuua macho!" Nikashusha, zikashuka pamoja bila kukonyeza. Akalizunguka gari, akainama kuangalia nyaya.

"Nani alikufungia?"

"Mimi."

Akawageukia wazee. "Gari ni ya mama. Hiyo imeisha."

Nilidhani nitapiga vigelegele. Badala yake nilibaki nimeshika usukani, nikiangalia watu waliojaa langoni. Mwanga ulikuwa mkali, niliwaona wote hadi vifungo vya mashati yao. Nikajikuta napita uso mmoja baada ya mwingine, nakutafuta wewe.

Lala salama, mpenzi wangu.

Mkeo,
Mama Nekesa