Jarida Lilinipa Bwawa, Sasa Laninyima Mchumba

Bi Kidawa, shikamoo yako huko Fordsburg. Mimi ni mtoto wa Lubumbashi ninayesuka nywele hapa Yeoville, Johannesburg, na ninakuandikia kwa sababu jarida lenu hili, unamotoa ushauri, ndilo lilinitia mimi kwenye matatizo, kwa hiyo ukiona aibu kunijibu nitaelewa, mais naomba usione aibu, maana Jumamosi ya mwisho wa mwezi familia yangu na familia ya mchumba wangu Pacifique wanakutana kule nyumbani kwa dot yangu, ile nyie wa pwani munaita mahari, na vile mambo yamefika sasa sijui kama watakutana ama watapigana.

Jina langu ni Arlène na usilifiche, muliishaliandika kwa herufi kubwa pale mbele. Watu wananifuata Insta, wengi sana, wa hapa Jozi na wa Bujumbura na wa Kigoma, kwa sababu ya vidole vyangu na mdomo wangu tu. Mteja anaingia na simu, ananionyesha mwimbaji mwenye nywele zinafika kiunoni, yeye kichwani ana nywele za kushikwa na kucha, njo mimi ninamsuka huku ninamwambia ukweli, yeye anacheka, wenzake wanacheka, mwisho anatoka muzuri kabisa, na hiyo ndiyo video, haina kingine, sijawahi kujipiga picha nimelalia kitu.

Bon, siku moja akaja Steve, mwandishi wenu, akakaa salon asubuhi nzima, nikamwelezea vile tantine Célestine, dada ya baba, alinifundisha kusuka kwa ndevu za mahindi tulipokuwa hatuna mwanasesere, na vile unashika nywele za mbele kwa upole ili mteja asibaki na kipara, nikaongea mpaka mate ikakauka, na kalamu yake ilikuwa imelala juu ya goti. Alipofika kwenye maswali ya uzito, na kiuno, na nani bwana yako, kalamu ikaamka. Kisha wakanipeleka Sandton, kule kwa matajiri, kwenye nyumba ambayo mpaka leo sijui ni ya nani, wakanivalisha gauni lilikuwa kubwa mpaka wakalibana mgongoni na vibanio vya kuanikia nguo, wakaniketisha pembeni ya bwawa la kuogelea, mimi nisiyejua kuogelea, halafu wakaniegemeza kwenye gari nyekundu, nikauliza gari ya nani, Steve akasema sharp, usijali, sister, namba haionekani.

Jarida lilipotoka, Bi Kidawa, nilisoma nimesimama. "ARLÈNE AFUNGUKA: Wanaume Wananikosesha Usingizi!" Mimi nilisema Desemba silali kwa wingi wa wateja. Chini wakaandika eti mrembo huyu mwenye umbo tata anatikisa mitandao, na kwa mwisho kabisa, "Jarida linajiuliza, nani anagharamia maisha haya?" Na mimi nikajiuliza, maana ile siku kutoka kwenye bwawa nilishushwa kwenye robot, zile taa za barabarani, ya Rockey Street nikaenda kuchota maji ya kuoshea vichwa kwa ndoo.

Mais nitasema ukweli, nilifurahi. Nilijiona muzuri. Nikaweka ile picha ya mbele kwenye ukurasa wangu, nikatia mioyo, nikaandika asante Mungu kwa hatua hii, na hapo ndipo ilipofika kwa watu wetu.

Papa Mukubwa Ezéchiel, kaka ya baba na ndiye anapokea dot kwa sababu baba alikufa, aliiona kwenye WhatsApp ya kanisa. Zamani alikuwa ameomba mbuzi, liputa, vile vitenge, za mama na shangazi, na suti moja. Sasa anasema mwanamke wa bwawa hatoki kwa mbuzi, anataka jenereta, anataka suti ya pili inayofaa kusimama nayo kwenye picha, na simu kubwa ili ajionee mwenyewe maendeleo yangu. Huku Maman Thérèse, mama ya Pacifique kule Likasi, ameisoma karatasi ileile na kuona kitu kingine, anasema mwanamke asiyelala kwa sababu ya wanaume hawezi kuingia kwake, na kikundi chake cha maombi wamefunga kula kwa ajili ya mwanawe, kwa sababu yale maji ya bluu nyuma yangu wanasema si maji ya bure, kuna mwenyewe ndani, pepo. Hivi upande mmoja wanaongeza kwa sababu nimekuwa tajiri, upande mwingine wanakataa kwa sababu nimekuwa malaya, na mimi nipo hapa ninasuka tu.

Na Pacifique, huyu ni mlinzi wa usiku kule mall, kila mchana kabla ya kazi anapita salon, anakaa kwenye benchi, ananichambulia rasta, ananigawia mafungu, anajua mpaka mkono wangu upi unauma. Juzi alikuwa anachambua hivyo, akaacha, akaniuliza, "Arlène, ile gari ni ya nani?" Nilicheka, nikajua anatania. Hakuwa anatania. Nimelia sana tangu ile siku, Bi Kidawa, kuliko kwa wengine wote.

Sasa anasema nifunge ukurasa ili mama yake atulie. Na Steve naye amenipigia, anasema amesikia ndoa inatikisika, nije tena nimwage machozi, atanipa ukurasa wa mbele, na nisipoweza kulia atakuja na kitunguu. Nimefikiri labda nikubali ili nisafishe jina. Ama nifunge ukurasa nipate mume? Wateja wangu wanatoka mule, na ule ukurasa niliutengeneza mimi, hakunipa mtu. Pacifique ninampenda, hiyo usiwe na mashaka. Nifanye nini?

Arlène, Yeoville


Marahaba, Arlène mwanangu.

Kwanza ujue mhariri wangu hakutaka barua yako itoke. Alisema italichafua jarida. Nikamwambia jarida lilishaogeshwa kwenye bwawa la watu, uchafu gani tena, na kama barua ya Arlène haitoki basi na mimi sitoki, ajaze nafasi yangu kwa kiuno cha mwingine. Akanuna, akaipitisha. Kwa hiyo leo nakujibu nikiwa nimekalia kuti kavu, na sitaki jibu hili ulipoteze bure.

Nimeisoma habari yako kwa miwani, mstari kwa mstari, nikitafuta kazi unayofanya. Neno "kusuka" nimelikuta mara moja, chini ya picha ya kiatu. Katika toleo hilohilo, ukifungua mbele kidogo, yupo kijana Jacques anayejirekodi akitengeneza simu. Huyo kaulizwa alianzaje, kaulizwa ndoto zake, kapigwa picha kakunja mikono mbele ya meza yake mwenyewe. Hakuna aliyeuliza kiuno chake kina inchi ngapi wala nani anamnunulia suruali. Ana wafuasi kama wewe, basi yeye ni mbunifu, wewe ni umbo tata. Na umbo lenyewe linashikiliwa na vibanio vya nguo!

Nipo humu ndani muda mrefu, nakwambia ninachokijua. Mwanamke akipendwa mitandaoni, humu hupangiwa safari yake yote kabla hajafungua mdomo. Wiki hii yupo juu ya gari. Wiki ijayo yupo chini, analia. Baadaye "arudi kwa kishindo", kapungua, kavaa nyeupe, kamsamehe kila mtu. Hayo machozi unayoitiwa na Steve hayajaombwa kwa sababu ndoa yako inatikisika, yalishatengewa ukurasa tangu ulipoegemea lile gari. Eti ukasafishe jina! Mwanangu, mtu hasafishiwi nguo na aliyezimwagia mchuzi. Usiende. Akija na kitunguu, mpokee kitunguu, kaangia samaki, yeye mfungulie mlango atoke.

Haya, sasa na wewe. Usidhani nitakupangusa machozi tu. Nani aliyeibandika ile picha kwenye ukurasa wako? Steve? Uliibandika mwenyewe, ukaimwagia mioyo, ukamshukuru na Mungu kwa bwawa asilokupa. Mchuma janga hula na wa kwao, na wewe wa kwako umewakaribisha mezani kwa mikono miwili. Ulijiona mzuri, sawa, nani asiyependa? Picha yangu hiyo hapo juu nimepigwa nikiwa bibi harusi, na sasa nina wajukuu, mhariri akiniomba mpya namwambia mpiga picha wangu kasafiri. Lakini mimi sikuegemea gari la mtu nikaacha watu wadhani ni langu. Wewe ulinyamaza kwa kuwa ulionja utamu wa kudhaniwa. Hilo ni lako, libebe.

Ukurasa usiufunge. Ukiufunga leo, kule Likasi watasema maombi yamejibiwa, pepo katoka, na utaishi ndani ya nyumba ya Mama Thérèse kama mtu aliyeponywa ugonjwa ambao hakuwahi kuugua. Iondoe ile picha tu. Kisha waambie wafuasi wako kwa huo mdomo wako, ukiwa unasuka, kwamba nyumba haikuwa yako, gari halikuwa lako, na Desemba ulikuwa huna usingizi kwa sababu ya vichwa vya wateja. Watacheka. Wamezoea kuambiwa ukweli na wewe, ndiyo maana walikufuata.

Kwa wazee usijitetee mwenyewe. Nimeishi na Wakongo hapa miaka, najua kwenu bibi harusi hasemi mahari yanapojadiliwa, anayesema ni shangazi. Basi huyo tantine Célestine aliyekufundisha kusuka, mtume. Aanze Likasi kwa Mama Thérèse, asiende na karatasi wala maneno mengi, aende na simu. Akifika, akupigie kwa video saa ya kazi. Siku hiyo usijipambe. Wakukute umesimama, vidole vimo kichwani mwa mtu, ndoo ipo chini, mteja analalamika. Mama Thérèse atazame mpaka achoke, aulize anachotaka, na shangazi amjibu. Usione vyaelea, vimeundwa, na huyo mama hajawahi kuonyeshwa panapoundwa. Akitoka hapo, shangazi aende kwa baba yako mkubwa na simu hiyohiyo. Akaambiwe mbele ya ndugu zake kwamba mahari huombwa kwa ajili ya binti mliyemlea, hayaombwi kwa ajili ya bwawa mliloliona kwenye simu. Akishikilia jenereta, apewe namba ya Steve, wakaombane huko Sandton.

Nimebakiza la mwisho, na ndilo linalokuliza, ingawa umelifunika na hadithi za mbuzi na suti.

Baba yako mkubwa hajakuona siku nyingi. Mama Thérèse hajakutia machoni kabisa. Hao wamesoma picha kwa kuwa hawana kingine chako cha kusoma, na mimi siwalaumu, nalilaumu jarida langu na wewe kidogo. Lakini Pacifique? Huyu anakaa kwenye benchi lako kila siku. Anakuchambulia rasta, anajua mkono upi unauma. Kila kitu ambacho jarida halikuandika, yeye anakijua. Halafu akaacha kuchambua, akakuuliza gari la nani.

Kuuliza nitamsamehe, wivu ni mwili. Ninalotafuta mimi ni jingine. Nimeirudia barua yako nikitafuta mahali alipompigia mama yake kumwambia, "Mama, huyu namjua." Sijapaona. Nimeona mama anafunga kula, nimeona kijana anakuja kwako kukuomba ufunge ukurasa. Njia ya kwenda kwa mama yake haijui? Kumnyamazisha mama kwa kukunyamazisha wewe ni kazi nyepesi, Arlène, na ukimzoesha ataifanya maisha yako yote. Leo ni ukurasa, kesho ni salon, keshokutwa ni marafiki.

Basi fanya hivi kabla hujamsumbua shangazi wa watu na nauli ya Likasi. Kesho akija, mpe kiti, mpe chai, mwambie ampigie mama yake hapohapo, mbele yako, sauti iwe wazi, aseme maneno hayo, "Mama, huyu namjua." Asisome, asizunguke. Akiyasema, hata mama akimkatia simu, kaolewe, na mahari yakiwa mbuzi mmoja mimi mwenyewe nitakuja kukupigia vigelegele. Akikwambia tusubiri kwanza tuone Jumamosi, mpokee kikombe chake taratibu, umshukuru kwa rasta zote alizochambua, kisha umpigie tantine Célestine umwambie familia zisihangaike kukutana.