Breki ya Pijo na Mama Mkwe

Celestine, ukisoma hii niko kwa feri ya Luanda Kotieno navuka kwenda Mbita, usinifuate. Nguo za mama yako za hospitali ziko kitandani. Uji wake uko kwa thamosi, upeleke ukiwa moto.

Nilikwambia usiolewe na yule Absalom. Leo asubuhi nilimaliza kutengeneza breki ya mkono ya Pijo yangu ya zamani, mama yako akiwa amekaa ndani. Nikamwambia mumeo atoe jiwe kwenye gurudumu. Gari likaanza kuteremka polepole, mlango wazi, mama yako anapiga kelele. Absalom angemvuta tu mkono atoke. Lakini alisimama pale amekumbatia jiwe: "Mzee, huyu ni mama mkwe wangu, nitamshikaje?"

Najua kwetu mkwe hamgusi mama mkwe. Lakini ni heshima gani ya kumsindikiza kwa macho mpaka agonge choo? Umeolewa na kigingi, binti yangu. Hata mbuzi angeshtuka.

Na wewe usiniangalie tena vile uliniangalia pale hospitalini. Ndiyo, sikununua kebo mpya ya breki. Ile iliyokatika niliiunga na waya wa banda la kuku. Sawa, lakini waya hauna mikono. Yeye anayo miwili.

~~Mwambie Absalom mzee amesema pole.~~ Usimwambie kitu.

Mama yako amevunjika mguu na amesema hataki kuniona. Absalom bado amekaa nje ya wodi, haingii. Choo kimeanguka. Mimi nimeenda.

Baba yako