Maelezo Kuhusu Mkono Uliobanwa kwenye Jiriwa kwa Sababu ya Leseni ya Toleo la Tatu

MAELEZO YA SHAHIDI
Kosa: Kujeruhi

Jina: La kitambulisho limo kwenye jalada. Huitwa Gasketi.
Umri: Miaka 71, kwa hesabu ya marehemu mama yake.
Kazi: Fundi wa pampu za maji.
Makazi: Chumba cha nyuma ya karakana.
Elimu: Darasa la nne. La tano anasema alilichungulia dirishani.

Nimeonywa kwamba nikisema uongo nitashtakiwa. Nimemjibu afande kwamba uongo wangu wote huwa wa kuchekesha, na leo sina hata mmoja.

Majeruhi na mtuhumiwa ni wapwa wangu, wana wa marehemu dada yangu. Mkubwa namwita Tai, maana hata chooni huenda na tai shingoni. Mdogo ni Kimya, anaweza kushinda kwenye kompyuta kutwa nzima bila kutoa neno.

Kimya aliandika programu ya kuendesha pampu: inaiwasha, inaizima, inailinda isiungue kisima kikikauka. Akaiweka wazi mtandaoni, kila mtu aisome na kuirekebisha, kwa leseni ya toleo la pili, ndiyo masharti ya kuitumia. Humo mna mstari wangu mmoja. Yeye alitaka pampu ipumzike sekunde kumi kabla ya kuwaka tena. Nikamwambia, "Mjinga wewe, kwa kumi utachoma mota. Weka arobaini." Akanikalisha pale, nikaandika mwenyewe kwa kidole kimoja, na jina langu likaingia. Kwa sheria yao waandika programu, leseni haibadilishwi mpaka wote walioandika wakubali kwa sahihi. Walioandika tulikuwa wawili. Tai hakuandika hata nukta, kazi yake ilikuwa kukutana na watu.

Kiwanda kimoja kikaichukua programu na kuitia kwenye pampu zake. Kwa toleo la pili, kinatakiwa kukupa maandishi yote ya programu, na kilitoa. Ila kilitia kufuli ndani: ukirekebisha neno moja tu, pampu haiwaki. Mwezi wa tano niliinamia pampu ya zahanati siku mbili, marekebisho ninayo mkononi, ikanikatalia. Wajawazito wakawa wanabeba ndoo. Toleo la tatu linamlazimisha mwenye kiwanda akupe na ufunguo. Kimya alitaka kuanzia sasa programu yetu itoke kwa toleo hilo. Tai alikuwa ameahidiwa kuwa mkuu wa tawi la kiwanda, ilimradi leseni isiguswe.

Kimya alinipa karatasi ya kukubali wiki tatu kabla ya tukio. Sikusaini. Shaka sikuwa nayo, nilikuwa napenda kubembelezwa. Tai ananiletea viatu, Kimya ananifagilia chumba. Kila siku nawaambia, "Kesho, wajomba. Leo kalamu inaumwa."

Mnamo tarehe 14, Jumanne, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, nilikuwa karakana nimekalia ndoo, nafungua pampu. Kimya alisimama kwenye benchi, kando ya jiriwa, kile chuma cha kubania mabomba. Tai aliingia, akafunga mlango kwa komeo.

"Mjomba, umesaini?"

"Bado. Soksi za vile viatu ziko wapi?"

"Atasaini leo," Kimya alisema. "Kaka, tumeshaongea. Wewe humo huna mstari."

Hapo ndipo alipopigwa. Tai alichomoa spana ya bomba ukutani, akampiga nayo begani, kisha ubavuni. Kimya akapiga magoti. Tai akamshika mkono wa kulia, akauingiza kwenye jiriwa, akakaza kidogo, kama mtu anayebana bomba asitake kuliharibu.

"Mjomba, chana karatasi."

Wale wamepigana tangu hawajaota meno. Nikadhani ni yale yale. Nikasema, "Kaza basi, tuone kama atatoa mafuta."

Maneno hayo ni yangu. Afande ameniuliza kama ayaache. Nimesema ayaandike.

Tai akazungusha. Jiriwa hiyo nimefanya nayo kazi miaka thelathini, najua sauti ya kila kitu inachobana. Ile sikuwahi kuisikia. Kimya alipiga ukelele mpaka sauti ikakatika. Nilipoinuka, Tai alinipiga spana mdomoni, jino la mbele likatoka.

Nikachana karatasi vipande vinne, nikamwonyesha. "Tayari, baba, tayari. Fungua."

Alivitazama vile vipande, kisha akazungusha tena mara moja. Huo mzunguko wa pili sijui ulikuwa wa nini.

Nilichukua bomba la inchi moja na nusu, nikampiga gotini. Nililenga kichwa, ni umri. Alipoanguka nikampiga tena mara mbili, na ya mwisho haikuwa na sababu. Wachomeleaji wa jirani walivunja mlango saa tatu na dakika hamsini na mbili. Jiriwa niliifungua mimi.

Daktari amemkata Kimya vidole viwili. Alipokuwa kwenye machela aliniuliza neno moja: "Umechana?" Nikasema nimechana. Akafumba macho.

Tai yuko mahabusu, ukuta huu hapa, namsikia anakohoa. Nimemwomba afande ampe maji.

Ile karatasi sina tena, lakini hii ina tarehe, ina mhuri, na ina askari. Iandikwe humu: mimi, mwenye mstari mmoja, nakubali programu itoke kwa leseni ya toleo la tatu. Ningeweza kusema hivyo wiki tatu zilizopita.

Nimesomewa niliyoyasema, nikayatambua yote kuwa yangu, hata yale niliyotamani yawe ya mtu mwingine.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Maelezo haya nimeyaandika mimi, askari mpelelezi, leo tarehe 14, saa nane na nusu mchana, shahidi akiwa na akili timamu. Nilimweleza kwamba kukubali leseni hakuhusiani na shauri. Alikataa kusaini hadi nilipokubali maneno hayo yabaki. Aliomba nakala ampelekee majeruhi wodini. Utaratibu hauruhusu shahidi kupewa nakala upelelezi ukiendelea. Nimempa.