Ziwa Tulilolifikia kwa Kupotea

Chumba cha juu, duka la viatu
Jumapili, 9 Agosti

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo! Hujambo huko mbali? Miguu bado inakuvimba jioni? Mimi ni mzima kupita kiasi, ndoa imeninenepesha mashavu! Mume wangu, fundi majokofu, anakuamkia. Hivi sasa anaosha sufuria huku akipiga mluzi. Mluzi wenyewe haupandi wala haushuki, lakini mimi nausikia kama bendi nzima.

Sasa nikupe habari. Kila kiangazi ukweni kwangu hupanda mlimani wote pamoja hadi ziwani. Wana sharti lao: aliyeolewa mwaka huo ndiye anayetangulia, na anayetangulia haambiwi kitu. Niliogopa, Shangazi. Mama mkwe ni mpole, lakini tangu harusi hajaniachia hata kikombe nioshe. "Kaa tu, mgeni wetu." Nilitamani siku hiyo anione mtoto wa nyumbani.

Basi nikatoka mbio kama ninayekwenda kupokea zawadi. Tulipoipita misonobari, njia ikagawanyika. Nikashika ya kushoto, kifua mbele. Nyuma kimya. Moyoni nikajisifu: kumbe napatia!

Tukapanda mawe mpaka pumzi zikatuishia. Shemeji yangu, asiyejua kunyamaza, alikuwa amejiziba mdomo kwa kofia. Nikamvuta mume wangu pembeni.

"Ziwa liko wapi?"

"Tumeliacha kulia, mpenzi. Zamani."

"Na mkanyamaza?"

"Sharti ni sharti!"

Nilitaka ardhi inimeze. Machozi yakanilengalenga. Mama mkwe alinitazama, jasho likimtiririka, akasema neno moja tu: "Tangulia." Ningefanyaje? Nikatangulia.

Tukavuka ukingo, na Shangazi, laiti ungekuwepo! Bonde la duara kama bakuli, theluji imebaki kwenye vivuli, na katikati kijiziwa kijani kama chupa. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukiona! Shemeji akapiga ukelele, akaingia majini na suruali yake. Mume wangu akaninyanyua juu mbele ya mama yake, nikaona haya, lakini sikumwambia anishushe.

Mama mkwe akavua viatu, akatumbukiza miguu, akaguna kwa baridi, kisha akaangua kicheko. "Miaka yote hii tunapita kule chini kama kondoo!" Halafu akanigeukia. "Na wewe umesimama nini hapo? Kata mikate, watu wana njaa!"

Nikakata mbiombio kwa furaha. Vipande vikatoka vinene kama matofali, akanigombeza mbele ya wote, sauti ileile anayomgombezea binti yake. Sijapata kugombezwa kutamu namna ile!

Nisalimie Mzee wako na binamu yangu muuguzi, nao wasisahau kucheka. Mungu akupe miguu myepesi na usingizi mnono.

Wako akupendaye kuliko anavyoweza kuandika,
Chiriku, sasa mke wa mtu!